Kilo 104 zilizogeuka 312: tuchague msaidizi gani wa kuandika programu?

BARUA

Dada, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Mafiati, Mbeya. Tuko watatu kwenye ofisi ya chumba kimoja Mwanjelwa, juu ya duka la vifaa vya simu: mimi, kaka mmoja aliyenitangulia chuoni ambaye ndiye mwanzilishi wa kazi, na dogo aliyekuja field. Tunatengeneza mifumo ya vyama vya wakulima. Ugali wetu kwa sasa unatoka kwa chama kimoja cha wakulima wa parachichi kule Rungwe. Karani anapima kreti kituoni, anaingiza kilo kwenye simu, mkulima anapata ujumbe palepale, na Ijumaa mhasibu anatoa orodha ya malipo. Upande wa seva tumetumia Laravel, zana ya lugha ya PHP, na kanzidata ya MySQL; upande wa simu zana ya Flutter.

Tangu mwaka jana sote tunaandika kwa msaada wa akili unde, kila mtu na njia yake. Kaka analipia programu ambayo unaiagiza kazi, nayo inafungua mafaili yenyewe, inaandika, inaendesha amri. Mimi natumia ile ya bure inayomalizia mistari ndani ya VS Code, mhariri ninaoandikia msimbo. Dogo anauliza kwenye simu yake, ananakili jibu, anabandika.

Mwezi uliopita kaka aliiagiza programu yake itatue tatizo la mtandao. Vituo vingine viko nyuma ya vilima, mtandao unakuja na kuondoka, na makarani walikuwa wanalalamika kwamba wakibonyeza "Hifadhi" duara linazunguka tu. Dakika chache, msimbo tayari: ikishindikana ijaribu tena, hadi mara tatu. Tuliupitia juujuu, ukatupendeza, tukaupeleka kazini. Wiki iliyofuata mama mmoja mtu mzima alifika kituoni na simu mkononi, akamwambia karani: "Mwanangu, mimi nilileta kilo 104. Ujumbe umekuja mara tatu, na hapa jumla mmeandika 312. Hizi nyingine si zangu." Kumbe seva ilikuwa imepokea tangu mara ya kwanza. Jibu ndilo lililopotea njiani, basi simu ikatuma tena, na tena. Tulipochimba tukakuta mizigo ya wakulima 23 imeandikwa zaidi ya mara moja, na malipo ya Ijumaa yalikuwa yameshatoka. Msimbo tumeuondoa, tumerudi kwenye duara la kuzunguka. Fedha zilizotoka bado hatujazisemea.

Tangu hapo ofisini hakukaliki. Kaka anasema tumeponzwa na mpango wa bei ndogo, tununue mzuri zaidi, wote watatu, dola 20 kila mtu kwa mwezi. Mimi naona tusakinishe modeli ya akili unde kwenye kompyuta zetu wenyewe, tuachane na habari za bando na kadi. Na juzi nimemkuta dogo amebandika kwenye mazungumzo ya bure faili zima la wakulima, majina, namba za simu na namba za NIDA, akiomba msimbo wa kuliingiza kwenye kanzidata. Nilinyamaza, sikujua hata nianzie wapi.

Tuna shilingi 120,000 kwa mwezi kwa ajili ya jambo hili. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 16, ya kaka GB 8, ya dogo GB 4. Umeme ukikatika tunabaki na betri za saa mbili. Kaka ni mkubwa wangu na namheshimu, sitaki tugombane kwa ajili ya programu. Tuchague ipi? Naomba majina, dada. Jibu la "inategemea" nimeshapewa na watu wengi.

Ndaga fijo.

Mdogo wako, Mafiati

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na kamwene kutoka Kihesa, Iringa.

Majina utayapata, pamoja na shilingi zake. Ila niruhusu nianze na yule mama, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimesimama kwake. Mtu ameongezewa kilo 208 asizozileta, na amepanda hadi kituoni kusema si zangu. Watu wa namna hiyo ndio unaowaandikia programu.

Msimbo uliomwandikia 312 haukuwa mbovu kwa maana ya darasani. Uliagizwa kujaribu tena, ukajaribu tena. Kilichokosekana ni swali ambalo yeyote aliyewahi kusimama karibu na mizani ya kituo chenu angeliuliza: je, kama kilo zimeshafika na kilichopotea ni jibu? Programu ya kaka yako haijawahi kufika Rungwe. Nyinyi mmefika. Pengine ya bei kubwa zaidi ingeuliza, pengine isingeuliza, na huwezi kuweka fedha za wakulima juu ya pengine. Kwa hiyo kaka amekosea anapoulaumu mpango wa bei ndogo. Na wewe pia umekosea, maana modeli ndogo ya kukaa kwenye kompyuta yako ingeandika vilevile, au vibaya zaidi.

Dawa ya tatizo lenyewe ilikuwepo kabla hatujasikia habari za akili unde. Kila upimaji upewe namba yake ya kipekee, UUID, inayotengenezwa kwenye simu ya karani pale pale anapobonyeza, kabla ya kutumwa. Kwenye MySQL wekeni sharti kwamba namba hiyo haijirudii. Simu ikituma mara tatu au mara thelathini, seva itaandika mara moja, na zilizobaki itazijibu "nimeshapokea". Na kwa kuwa mtandao wa huko ni wa kuvizia, simu ihifadhi kwanza kwake, itume baadaye. Karani aendelee na kreti inayofuata bila kusubiri duara. Msaidizi yeyote kati ya nitakaowataja atakuandikia haya vizuri kabisa ukimwambia hivi nilivyokuambia. Ugumu wote uko kwenye kujua cha kumwambia.

Sasa kuchagua. Hitilafu hii imewaachia kitu cha thamani: mtihani ambao majibu yake mnayajua. Natumaini mnatumia Git, ile programu inayotunza kila badiliko la msimbo. Fungueni tawi jipya, yaani nakala ya pembeni, kutoka kwenye msimbo wa kabla ya kosa, kisha mpeni kila msaidizi agizo lilelile alilolitoa kaka, kwa maneno yaleyale, bila kumdokeza. Tazameni: yupi anauliza kuhusu kurudia rudia, yupi anaweka kinga mwenyewe, yupi anakimbilia kuandika? Kisha mpeni kazi ya pili, ya kuchosha, kwa mfano ukurasa wa kusajili kituo kipya unaofuata mtindo wa kurasa zenu nyingine. Hapo utaona kama anasoma msimbo wenu au anawaletea mtindo wa kwao. Ya tatu iwe kwenye orodha ya malipo ya Ijumaa, na mumwombe aandike majaribio kwanza, kabla ya kugusa kitu. Wekeni saa mezani. Muda uhesabiwe hadi msimbo umesomwa, umerekebishwa na umekubalika, siyo hadi mistari imetokea kwenye kioo.

Nasisitiza saa kwa sababu hisia zinadanganya sana kwenye jambo hili. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya Marekani iitwayo METR iliwachukua waandishi wa programu 16 wenye uzoefu na kuwapa kazi 246 kwenye miradi yao wenyewe waliyoizoea. Baadhi ya kazi waliruhusiwa kutumia akili unde, nyingine hapana. Walipomaliza, walikadiria kwamba imewaharakisha kwa asilimia 20. Vipimo vikaonyesha imewachelewesha kwa asilimia 19. Utafiti mwingine uliotoka mwaka 2023, uliofanywa na watu wa GitHub na Microsoft wenyewe, uliwapa waandishi 95 kazi ya kujenga seva ndogo kwa JavaScript, na waliokuwa na Copilot, msaidizi wa GitHub, wakamaliza kwa muda pungufu wa asilimia 55.8. Mimi sioni kwamba tafiti hizi zinapingana. Kazi mpya, ndogo, ambayo dunia nzima imeshaifanya, msaidizi anaijua kuliko wewe. Mfumo wenye miaka, uliojaa desturi za chama na makarani wake, wewe unaujua kuliko yeye. Jiulizeni kazi zenu nyingi ziko upande upi, ndipo muone kama dola 60 kwa mwezi zitarudi.

Majina, basi.

Wewe tayari uko kwenye VS Code, kwa hiyo chukua GitHub Copilot. Ina mpango wa bure wenye kikomo, na wa mtu mmoja wa kulipia ni dola 10 kwa mwezi. Inamalizia mistari, inajibu maswali, na siku hizi inaweza pia kushika kazi nzima. Dogo, kama ana kitambulisho halali cha mwanafunzi, aombe uthibitisho wa GitHub kwa wanafunzi, aipate bila kulipa. Kaka abaki na kiti kimoja, yaani usajili wa mtu mmoja, cha dola 20 cha aina anayoipenda, ile inayofungua mafaili na kuendesha amri: Cursor, ambayo ni mhariri uliotokana na VS Code hivyo hatapotea ndani yake, au Claude Code, inayofanya kazi kwenye dirisha la amri. Mtihani wa hapo juu uamue kati ya hizo mbili. Jumla ni dola 30, kama shilingi elfu sabini na tano hadi themanini hivi. Kinachobaki kiwekeni akiba mumwongezee dogo RAM, maana GB 4 ni mateso.

Lipeni mwezi kwa mwezi. Msikubali punguzo la mwaka mzima hata likiwa tamu, kwa sababu bei na vikomo vya huduma hizi hubadilika katikati ya safari. Juni 2025 Cursor ilibadilisha namna ya kuhesabu matumizi, watumiaji wakashtukia gharama wasizozitarajia, na mwezi uliofuata kampuni ikaomba radhi na kuahidi kuwarudishia fedha. Kama mnalipa kwa kadi ya mtandaoni iliyofungwa kwenye akaunti ya simu, iwekeeni kiasi cha mwezi huo tu.

Kuhusu wazo lako la modeli ya nyumbani: sikukatazi, nakurekebisha. Sakinisha Ollama, programu ya kuendeshea modeli, kwenye kompyuta yako ya GB 16 na upakue modeli ya Qwen2.5-Coder ya vigezo bilioni 7 (ndicho kipimo cha ukubwa wake), ni GB 4.7, fanya siku yenye bando la kutosha. Itakujibu hata mtandao wote ukilala. Lakini bila kadi ya michoro itajibu polepole, na fikiria hili: umeme ukikatika, kazi yote inafanywa na prosesa yako, na betri itaisha upesi. Ulitaka ikuokoe wakati wa giza, na ndio wakati itakaokunyonya zaidi. Kwenye GB 8 za kaka jaribuni ile ndogo ya bilioni 1.5. Kwenye ya dogo msihangaike. Kwangu modeli ya nyumbani ni ya faili ambalo haliruhusiwi kutoka ofisini, na ya siku mtandao umegoma.

Bando lenyewe lisikutishe. Maandishi ni mepesi, video moja ya mpira inakula kuliko siku nzima ya kuandika msimbo. Kinachouma ni mtandao kukatika msaidizi akiwa katikati ya kubadilisha mafaili kumi. Hifadhini kazi kwenye Git kabla ya kumpa agizo lolote kubwa, ili akikatika mrudi mlipokuwa.

Msaidizi akipendekeza pakiti (msimbo uliotengenezwa na wengine) msiyoifahamu, msisakinishe hadi mmeitafuta kwa macho yenu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025, modeli 16 ziliandika sampuli 576,000 za Python na JavaScript, na karibu asilimia 20 ya pakiti zilizopendekeza hazikuwepo kabisa. Jina la uongo linalojirudia ni nafasi kwa mhalifu kulisajili na kuweka sumu yake humo. Nyinyi mko kwenye PHP, lakini tabia ni ileile: fungua Packagist, orodha ya pakiti za PHP, angalia nani anaitunza na ilisasishwa lini.

Sasa dogo. Usiendelee kunyamaza, na usimfokee. Hajui, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mkae, umweleze kwamba faili lile si lenu. Ni la wakulima, walilikabidhi kwa chama, chama kikalikabidhi kwenu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake na masharti yake kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Namba ya NIDA ya mkulima iliyobandikwa kwenye mazungumzo ya bure imeshavuka mipaka. Afute mazungumzo yale leo, azime kwenye mipangilio ruhusa ya kutumia mazungumzo kufunza modeli, na uongozi wa chama uambiwe. Nawe umwonyeshe njia sahihi, ambayo ni rahisi ajabu: ili kuandika msimbo wa kuingiza faili, msaidizi anahitaji vichwa vya safu na mistari mitano ya kubuni. Mkulima A, kijiji B, namba za sifuri tupu. Hahitaji jina la mtu hata mmoja. Vivyo hivyo faili lenu la .env lenye nywila za kanzidata: programu ya kaka inasoma mafaili, basi hakikisheni hilo limezuiwa, na kwenye kompyuta za kazi tumieni kanzidata ya majaribio, kamwe ile ya kweli.

Kwa dogo nina ombi moja zaidi, na hili nalisema nikiwa na uchungu nalo, maana nimewapokea vijana wengi wa field. Kila anachobandika, akueleze kwa mdomo, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla hakijaingia kwenye mradi. Asichoweza kukieleza, akamuulize msaidizi huyo huyo amfafanulie kwa Kiswahili, atamfafanulia, kisha arudi kwako. Kiswahili hula tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo modeli huhesabia matumizi, nyingi kidogo kuliko Kiingereza, kwa hiyo kikomo cha bure kitafika mapema. Acha kifike. Kijana atakayetoka kwenu baada ya miezi miwili akijua kunakili tu, mmemdhulumu.

Na sheria hiyo muivae wote watatu. Msimbo wa kilo na fedha usiende kazini hadi mtu ambaye hakuuandika, na ambaye hakumwagiza msaidizi auandike, ameusoma wote na kueleza nini kitatokea mtandao ukikatika, karani akibonyeza mara mbili, simu ikizimika. Mngefanya hivyo mwezi uliopita, mmoja wenu angeshtuka.

Kaka yako usimkabili mbele ya dogo. Mwite mkale pamoja siku moja, nje ya ofisi, umwambie umepanga mtihani wa wasaidizi na ungependa yeye ndiye ashike saa. Mkubwa akishirikishwa kupima hatajiona anapingwa. Matokeo yatasema yenyewe, na kama yatamthibitisha yeye, mkubali. Mimi mwenyewe naweza kushangazwa. Vitu hivi hubadilika kila baada ya miezi.

Lililobaki ni wale wakulima 23, na umeliandika kwa sentensi moja tu kana kwamba litapita. Kuna fedha za chama zimetoka kwa kilo ambazo hazikuwepo. Najua kishawishi kilichopo: kuandika msimbo unaokata kimyakimya Ijumaa ijayo ili hesabu zikae sawa. Msithubutu. Mkulima atakayepokea pungufu bila maelezo ataacha kuuamini ujumbe wa simu, atarudi kwenye daftari, na atakuwa na haki. Chapeni orodha ya kila mmoja: tarehe, kreti alizoleta, kilo zilizopimwa, kilo zilizoandikwa, fedha zilizozidi. Pandeni Rungwe wewe na kaka pamoja, mketi na viongozi na mhasibu, mseme kosa ni letu na hivi ndivyo lilivyotokea. Msiseme ni la kompyuta. Chama ndicho kitaamua kama kuna makato ya kidogo kidogo kwa ridhaa ya mkulima, na mjiandae kubeba sehemu yenu kwenye malipo yenu ya msimu.

Nendeni Alhamisi, kabla orodha haijatoka, na UUID ikiwa imeshajaribiwa kwenye kituo chenye mtandao mbovu kuliko vyote. Mkifika pale kituoni mtafuteni kwanza yule mama, mumsalimie, mumwonyeshe kwenye simu jina lake likisoma kilo 104.